Kwa nini dimeki za gemu za kutisha zinaogofya kuliko gemu zenyewe?

#1 Wa_58 (Nakuru)
Wadau, salamu. Bloodborne, ile gemu ya kutisha, niliimaliza kwa PS4 (PlayStation 4) zamani, hadi nikaichoka. Juzi binamu yangu amekuja likizo na laptopu yenye Bloodborne PSX, ile dimeki ya shabiki iliyotoka 2022. Yaani gemu ya 2015 imerudishwa nyuma, ikae kana kwamba ilitoka enzi za PS1, PlayStation ya kwanza ya miaka ya tisini. Mwanzoni nilicheka. Poligoni (vile vipande bapa vinavyounda umbo) chache, miti imekatwa kwa mraba, maandishi makubwa ya kizamani.

Halafu nikafika ule mtaa wenye moto mkubwa, wanaume wamezunguka na mienge. Kwa PS4 unamwona mtu vizuri, ndevu, macho, unajua anaangalia wapi. Huku uso ni doa la kahawia lenye vidoa viwili vyeusi. Nimejificha nyuma ya gari la farasi, sijui yule wa kushoto ameniona au hajaniona. Akageuka. Uso ni ule ule. Nikasimamisha gemu, nikaenda kuwasha taa ya sebule, na mimi ni baba wa watu.

Msimamo wangu: picha ikiwa safi hofu inapungua. Anayepinga aje na hoja, si matusi.

#2 Kondele_Mwenyewe
Buda umezeeka, ndiyo hoja. Hofu yako si ya hiyo gemu, ni ya utotoni. Ulikuwa unacheza Resident Evil kwa jirani, mama yake akizima taa, na ukirudi kwenu lazima upite kwenye migomba. Ukiona tu pikseli za aina ile, mwili unakumbuka migomba. Mpe kijana wa miaka kumi na tano hiyo dimeki, atakuuliza mbona haijamaliza kufunguka.

#3 Fundi_Lanet
@Kondele weka migomba kando. Hili lina sababu ya kiufundi na linaelezeka.

PS1 ilikuwa na prosesa ya megahezi 33 na kitu, RAM megabaiti 2, na megabaiti 1 nyingine ya picha. Kile kijisehemu cha kupiga hesabu za 3D kilitoa jibu kwa namba nzima, bila desimali. Kona ya ukuta ikitakiwa kukaa katikati ya pikseli mbili, inaruka ikakae kwa hii au kwa ile. Ukitembea, kona zote zinarukaruka, kwa hivyo ukuta unatetemeka. Halafu zile picha zinazobandikwa kwenye kuta na sakafu zilinyooshwa bila kuhesabu umbali. Ndiyo maana sakafu ya vigae ukiisogelea inajikunja, mistari inavunjika. Na mashine haikuwa na mahali pa kukumbuka kila pikseli iko mbali kiasi gani. Ilipanga poligoni kwa foleni, za mbali kwanza, za karibu mwisho. Foleni ikikosewa, mguu wa zimwi unachomoza kupitia mlango uliofungwa.

Sasa weka hayo ndani ya gemu ya kutisha. Jicho linatafuta kilichosogea gizani, na kila kitu kinasogea. Kompyuta ya leo haina haja ya kutetemesha ukuta. Wenye dimeki wanaandika msimbo makusudi ili itetemeke.

#4 Nyar_Nyalenda (Kisumu)
Swali la mtu asiyejua. Kaka yangu ana PS1 ile ndogo nyeupe, bado iko kabatini. Naweza kuchoma hiyo Bloodborne kwa CD nikaicheza hapo?

#5 Shem_wa_Busia
Unaweza shemeji. CD tupu ni shilingi hamsini. Choma kwa kasi ya chini, mradi PS iwe ilishawekwa chipu ya kusoma CD za kuchoma. Si ndivyo tulivyocheza zote.

#6 Fundi_Lanet
@Shem usimpotezee dada CD. Bloodborne PSX haiingii kwa PS1 hata kwa maombi ya kesha. Imejengwa kwa Unreal Engine 4, injini ya kisasa ya kutengenezea gemu, na inacheza kwa Windows. Aliyeitengeneza, Lilith Walther, aliiga sura ya PS1. Mashine inayohitajika ni kompyuta.

Kama unataka watu waliohangaika na mashine ya kale yenyewe, iko Portal 64, dimeki ya gemu ya Portal ya kampuni ya Valve. James Lambert aliiandika iende kwa Nintendo 64 halisi, si emuleta tu, yaani programu ya kuiga mashine. Valve wakamwomba aiondoe Januari 2024 kwa sababu ilitumia maktaba za programu za Nintendo. Haitishi lakini ni kazi ya kweli. Na kwa upande wa kutisha, hakuna dimeki ya shabiki inayofikia kilichofanywa rasmi 1999. Resident Evil 2 kwa PS1 ilikuwa CD mbili. Angel Studios wakaibana, na video zake na maongezi yake, ikaingia kwa katriji moja ya N64 ya megabaiti 64. Fikiria hapo. Picha za WhatsApp za harusi moja tu zinazidi hiyo.

#7 Shem_wa_Busia
Sawa mhandisi. Lakini CD bado ni shilingi hamsini.

#8 Mwalimu_Njoro
Hamjambo. Fundi anaeleza mashine vizuri, ila anaiachia mashine kazi yote. Chukueni Silent Hill ya 1999. Kila mtu anajua ukungu ule uliwekwa kwa sababu PS1 haikuweza kuchora mji hadi mbali. Ni kweli. Lakini ilipokuja Silent Hill 2 mwaka 2001 kwa PS2, mashine yenye nguvu mara nyingi zaidi, ukungu ukabaki. Kwa nini? Kwa sababu walishagundua kwamba hofu ya mchezo iko ndani ya huo ukungu.

Na kuna ushahidi mwingine. 2012 walitoa tena Silent Hill 2 na 3 kwa mashine za wakati ule, picha kali. Ukungu ukaharibika, mahali pengine ukawa mwepesi hadi mchezaji anaona mahali dunia inapoishia, maji yamekatwa kwa mstari. Mashabiki walilalamika sana. Mji ule ule, mazimwi yale yale, ila sasa unaona kila kitu, na hautishi.

Kwa hiyo kwangu mimi si kutetemeka kwa kuta. Ni kunyimwa kuona.

#9 Wa_58
Mwalimu, shukrani. Ni vile vile nilivyohisi. Bloodborne ya PS4 ina giza lakini naona minara hadi upeo wa macho, mpaka unatamani kupiga picha. Dimeki hainipi nafasi ya kutalii.

#10 Ingo_Khayega (Kakamega)
Mulembe. Mnabishana kuhusu macho na hofu iko masikioni. Silent Hill hiyo hiyo ya Mwalimu: Harry ana redio mfukoni, zimwi likikaribia redio inaanza kukwaruza. Mbele yako ni ukungu mtupu, hujaona hata kivuli, lakini redio inakwaruza. Muziki wa Akira Yamaoka nao si muziki wa kuchezea, ni vyuma vinagongana nyuma ya ukuta. Dimeki za maana zinashusha hata sauti: unasikia mtu anaongea lakini herufi zimeliwa, hujui amesema "njoo" au amesema "toka".

Kwetu tukiwa wadogo, usiku ilikuwa mchanga kurushwa juu ya mabati. Shaaa, halafu kimya. Mjomba anasema mtu asitoke, ni wale wanaokimbia usiku. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwona hata mmoja. Tungemwona pengine tungekuta ni jirani tu amevua shati.

#11 Kondele_Mwenyewe
Omera, jirani aliyevua shati usiku juu ya boma lenu ndiye anayetisha zaidi.

#12 Nyar_Nyalenda
😂😂 Kwetu Nyakach jajuok, huyo mkimbia usiku, alikuwa anajulikana hadi jina, na asubuhi anakuamkia vizuri kabisa, anauliza masomo yanaendeleaje. Kwa hivyo Ingo, kumwona hakuondoi hofu. Unakaa naye kanisani ukijua.

#13 Ingo_Khayega
Hapo umenimaliza.

#14 Blenda_Milimani (Kisumu)
Nitasema lisilopendeza: ni pesa tu. Mimi hutengeneza gemu ndogo kwa Blender na Godot, programu za bure zote mbili, usiku baada ya kazi. Zimwi la kisasa linataka mchongaji, mtu wa rangi, mtu wa mifupa na mwendo, mtu wa taa. Zimwi la mtindo wa PS1 ni poligoni mia tano, picha ya ngozi pikseli 128 kwa 128, na jioni moja unalimaliza. Lilith Walther alifanya Bloodborne PSX karibu peke yake, kwa takriban miezi kumi na tatu. Hebu ajaribu kuifanya Bloodborne iwe nzuri kuliko ya FromSoftware. Haiwezekani. Shabiki hawezi kwenda mbele ya studio, kwa hivyo anarudi nyuma, ambako yuko peke yake na kazi inamtosha.

Ndiyo maana kundi la Haunted PS1 lilipoanza kutoa diski zao za majaribio 2020, watu walijaa. Puppet Combo, mtengenezaji mwingine wa gemu za aina hii, naye alikuwa ameshathibitisha kwamba unaweza kuuza muuaji mwenye kisu na pikseli za kuhesabika. Si falsafa. Ni bajeti.

#15 Wa_58
@Blenda hiyo inaeleza kwa nini zinatengenezwa. Haielezi kwa nini niliwasha taa.

#16 Blenda_Milimani
Uliwasha taa kwa sababu umecheza ile nzuri. Ingia itch.io, ile tovuti ya gemu ndogo, ziko nyingi mno zenye kuta za kutetemeka na ukungu na sauti iliyoharibiwa, na nyingi zinachosha. Hakuna anayezifungulia uzi. Zile chache zenye mtengenezaji anayejua mahali pa kuweka zimwi ndizo zinazofika kwa binamu yako. Kisha wewe unasifu pikseli.

#17 Fundi_Lanet
Hoja nzito. Lakini Bloodborne ya PS4 nayo mtengenezaji alijua mahali pa kuweka zimwi, na ni mahali pale pale. Dimeki imefuata ramani. Mbona basi ya pili ndiyo ilimwamsha Wa_58?

#18 Kondele_Mwenyewe
Nilishajibu. Migomba.

#19 Mama_Wawili_Shabab (Nakuru)
Jamani mimi siyo mchezaji, nasoma tu, lakini niingilie hapa kwa migomba. Mwanangu yuko gredi ya sita. PS1 hajawahi kuiona na macho yake. Ametazama kwa simu yangu hizo za Five Nights at Freddy's walizozifanya kizamani, mdoli mmoja tu amesimama mwisho wa korido, picha chafu. Tangu hapo choo cha nje haendi bila kusindikizwa. Yeye utoto wa miaka ya tisini ameutoa wapi?

Na mdogo wake aliyekaa hapo hapo alicheka. Mama yangu alipoitazama akauliza nani ameharibu katuni.

#20 Kondele_Mwenyewe
Mama, mtoto wa gredi ya sita anaogopa hata jogoo. Lakini nimekusikia, heshima.

#21 Msomi_Maseno
Kurasa zote hizi na hakuna aliyegusa pedi. Hofu ya gemu za zamani ilikuwa mikononi. Resident Evil ya 1996: kamera imefungwa kwenye kona ya chumba, wewe huiamui. Ukitaka kugeuka, unageuza mwili mzima polepole ndipo utembee. Zimwi liko nyuma, unajua liko nyuma, na kidole gumba chako bado kinageuza. Kuhifadhi gemu kunataka taipureta na utepe wa wino, na utepe ni wa kuhesabu. Resident Evil 4 ya 2005 ikaleta kamera nyuma ya bega, ukapata kulenga unapotaka. Ikawa gemu tamu, lakini wewe ndiye unayewinda. Dimeki zinarudisha ule ulemavu. Kama ile ya Resident Evil Village ya PS1, kamera juu ya kona, yule mama mrefu anaingia mlangoni na huwezi hata kumtazama.

#22 Wa_58
Sasa Msomi, Bloodborne PSX kamera yake haijafungwa. Inakufuata nyuma, unaizungusha. Na bado.

#23 Fundi_Lanet
Na hiyo Village unayoisema, nadhani uliitazama tu. Nyingi zinazozunguka YouTube ni video zilizochorwa zifanane na gemu. Hakuna kitu cha kupakua, hakuna pedi. Kwa hivyo ukiogopa, hukuogopa kwa kidole gumba.

#24 Msomi_Maseno
Haya, lakini hoja ya taipureta haijajibiwa.

#25 Mzee_wa_Pedi (Bondeni)
Watoto wangu, nimesoma nikacheka peke yangu hapa dukani. Mimi nilikuwa na kibanda cha gemu Bondeni, mwanzo mwanzo wa miaka ya elfu mbili. TV za Great Wall za inchi 14, PS1 juu ya kreti za soda. Niwaambie kitu: hicho mnachokiita sura ya PS1 hatukuwahi kukiona.

Mashine ilitoa rangi chache, elfu thelathini na mbili na kitu. Ili zionekane nyingi ilichanganya vidoa, kimoja cha rangi hii kimoja cha rangi ile. Sasa TV ya mgongo, kwa ule waya wa njano, ilikuwa inavimwagia vidoa pamoja. Kwa kioo unaona ngozi ya mtu, kivuli laini. Hakuna mteja aliyewahi kuniambia "mzee hizi pikseli". Pikseli mmeziona nyinyi, mlipochukua picha ya 320 kwa 240 mkaiweka kwa skrini bapa ya inchi 43. Hizo dimeki nazo zinakimbia laini bila kukwama, kitu ambacho PS1 yangu haikufanya hata siku ya Krismasi. Kwa hivyo mnaogopa mashine ambayo haikuwahi kuuzwa.

Na ukweli mwingine, pale kibandani hakuna aliyeogopa. Wote walitaka mpira, Winning Eleven, kwa sababu wawili wanalipa na wanne wanangoja. Resident Evil inachezwa na mtu mmoja, wengine wanamtazama akigeuka polepole. Nilikuwa na mteja mmoja tu wa hiyo, kijana wa gereji. Alikuwa anakuja jioni nikikaribia kufunga, analipa saa nzima, anakaa na TV ya mwisho kabisa karibu na pazia. Kadi ya memori ina nafasi 15. Siku moja vijana wa ligi wakakosa nafasi ya kuhifadhi timu yao wakafuta ya kwake. Alipofungua akakuta hakuna. Hakupiga kelele. Aliiangalia ile orodha ya timu, akanirudishia pedi kwa mikono miwili, akaenda. Hakurudi tena, na vijana wa ligi walikuwa wananidai wao.

#26 Ingo_Khayega
Mzee, hiyo yako ndiyo ya kutisha kuliko zote humu. Kufutiwa.

#27 Fundi_Lanet
Shikamoo mzee. Vidoa uko sawa kabisa, nimewahi kupima mwenyewe kwa TV ya mgongo, vinayeyuka. Lakini kuta zilitetemeka hata kwa Great Wall, hilo hukatai?

#28 Mzee_wa_Pedi
Marahaba. Zilitetemeka. Tulidhani ni stima.

#29 Blenda_Milimani
Mzee amegusa kitu. Mimi nikitengeneza, siigi PS1. Naiga ninavyoikumbuka, halafu nazidisha. Kutetemeka nazidisha, ukungu nauleta karibu. Wenzangu wengi hivyo hivyo. Na mchezaji wa gredi ya sita anapokea hicho kilichozidishwa kama mtindo tu, hana habari ya mashine.

#30 Shem_wa_Busia
Wakuu mjadala mzuri, sasa linki iko wapi?

#31 Msimamizi
Linki za kupakua haziwekwi hapa. Mnakumbuka kilichotokea uzi wa filamu.

#32 Msomi_Maseno
Na hata ukiitafuta, mambo yamebadilika. Sony waliifunga hiyo dimeki pale pale ilipotoka 2022.

#33 Fundi_Lanet
Hapana. Ilitoka 31 Januari 2022, bure, ikakaa wazi miaka mitatu. Notisi ya hakimiliki kwa niaba ya Sony ilikuja mapema 2025, wakati ule ule waliposhukia na ile nyongeza ya mashabiki ya kuifanya Bloodborne ya PS4 ikimbie fremu 60 kwa sekunde. Ambao Sony waliugusa mapema ni mchezo mwingine, wa mbio za magari. Lilith Walther huyo huyo aliuita Bloodborne Kart, Sony wakawasiliana naye, akavua majina na sura zote za Bloodborne akautoa Mei 2024 kwa jina Nightmare Kart. Huo bado upo.

#34 Shem_wa_Busia
Gemu ya bure, haiuzwi, na gemu yenyewe hawajaileta kwa kompyuta. Wanapoteza nini? Hii ni roho mbaya.

#35 Mwalimu_Njoro
Bure si kinga, Shem. Hata hapa kwetu, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda programu ya kompyuta pamoja na kazi za fasihi, na kuigeuza kazi ya mtu kunataka ruhusa yake, uwe unauza au unagawa. Wenye mali wanatofautiana tabia tu. Scott Cawthon wa Five Nights at Freddy's aliwachukua mashabiki waliokuwa wakitengeneza gemu zao juu ya yake, 2020, akatangaza kwamba atagharamia na kuzichapisha. Capcom wao 2015 waliwaita vijana wa Italia, Invader, waliokuwa wakiifanya upya Resident Evil 2. Wakawaambia kwa adabu waache, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wanaifanya. Wale vijana wakageuka wakatengeneza yao, Daymare: 1998, ikatoka 2019.

#36 Kondele_Mwenyewe
Kumbe ukifukuzwa na mwenye shamba unapata shamba lako.

#37 Blenda_Milimani
Ukiwa na jembe. Wengi wakifukuzwa wanarudi kazi ya ofisi. Ndiyo sababu mimi sifanyi dimeki ya mtu. Mtindo wa PS1 hauna mwenyewe, Bloodborne ina mwenyewe. Tazama Signalis ya 2022, watu wawili Ujerumani, Crow Country ya 2024. Sura ni ile ile ya zamani na hakuna anayewatumia barua.

#38 Wa_58
Sasa Blenda tufanyie ya Menengai. Wazee wa Kikuyu walipaita kilima cha ngoma, yaani mashetani, na ile mvuke inayotoka kule chini kwenye kreta wengine husema ni roho za wapiganaji wa Kimaasai waliosukumwa ndani zamani za vita. Ukungu uko tayari, huhitaji kuuandikia msimbo. Fundi atakwambia umbali wa kuchora unaishia kwenye ukingo.

#39 Fundi_Lanet
Na mashine za mvuke za kufua umeme zinanguruma nyuma ya ukungu. Ingo atapata sauti yake.

#40 Nyar_Nyalenda
Mnajipendelea watu wa Nakuru. Ziwa Simbi Nyaima lipo hapa karibu. Bibi kizee amekuja kwenye sherehe usiku, amefukuzwa, mji wote umezama. Mchezaji awe ndiye yule mwanamke pekee aliyemkaribisha, ana muda wa kutoka kabla maji hayajafika. Wale waliobaki wanacheza ngoma na sura zao ni vidoa.

#41 Blenda_Milimani
Hiyo nimeiandika kwenye daftari, dada. Sicheki. Ngoma inaendelea kusikika chini ya maji, ubora umeshushwa.

#42 Kondele_Mwenyewe
Na mimi nataka ya Kondele saa nane usiku. Zimwi ni bodaboda anayekwambia "panda tu, tutaelewana mbele".

#43 Ingo_Khayega
Hiyo haina haja ya pikseli chache. Hata kwa 4K naogopa.

#44 Mama_Wawili_Shabab
Mkiitengeneza ya Menengai mniambie mapema nifiche simu.

#45 Msomi_Maseno
Narudia, hakuna aliyejibu taipureta. Ukiweza kuhifadhi kila mahali, Menengai yenu itakuwa matembezi ya shule.

#46 Mzee_wa_Pedi
Hapo nakuunga mkono. Mwulize kijana wa gereji.

#47 Nyar_Nyalenda
Ripoti. Tumeitoa PS1 ya kaka kabatini, imewaka, nembo inatokea, lakini CD inazunguka tu halafu inasema hakuna diski. Tumefuta CD kwa fulana, bado.

#48 Mzee_wa_Pedi
Binti, lenzi imechoka. Zile za kwanza za kijivu tulikuwa tunazigeuza miguu juu, zikasoma vizuri kabisa, kwa sababu reli ya lenzi ilikuwa ya plastiki, ikipata joto inalegea na lenzi inakaa upande. Hiyo nyeupe ndogo haikuwa na tatizo hilo sana. Fungua kifuniko, chukua pamba ya masikio na spiriti kidogo, pangusa jicho la lenzi polepole, usikandamize. Ikikataa, kuna skurubu ndogo pembeni ya kuongeza nguvu ya mwanga, lakini hiyo usiiguse, mwachie fundi.

#49 Fundi_Lanet
Na ukiigusa, weka alama ya kalamu mahali ilipokuwa kwanza.

#50 Shem_wa_Busia
Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na kadi ya picha ni ile ya ndani ya prosesa. Hizi dimeki za Unreal zitaenda? Sura ni ya 1999, nafikiri itakuwa nyepesi.

#51 Fundi_Lanet
Sura ndiyo ya 1999, injini ni ya juzi. Jaribu kwanza hizo za Godot za akina Blenda, ni nyepesi zaidi. Na funga Chrome.